Mwanangu, Kuhusu Shahada Yako ya Uchumi

Mwanangu mpendwa,

Nimeipokea barua yako. Unauliza iwapo shahada ya uchumi uliyoipata itakutosha kupata kazi, au ni lazima kwanza usome uzamili. Swali lako ni la haki, lakini kila nikilisoma linanigeukia kuwa jingine: utamjibu nini atakayekuuliza unajua kufanya nini? Maana jina la shahada halimwajiri mtu, na nimelisema hili mara nyingi hata mama yako hulimalizia kabla sijafika katikati.

Baba yako mdogo alisomea uhasibu, akaitwa mhasibu tangu siku ya mahafali. Sisi wachumi hatukupewa urahisi huo. Katika usaili wangu wa kwanza, mzee mmoja wa jopo, bila kuinua macho kutoka kwenye faili, alisema, "Mhasibu hufunga hesabu, mwanasheria husimama mahakamani. Wewe mchumi hufanya nini?" Nikamweleza nadharia nilizofaulu, akamgeukia mwenzake, wakacheka. Hata leo sioni kilichowachekesha. Miaka mingi baadaye, mwajiri wangu alipotaka kupandisha nauli, nilichambua takwimu za mauzo nikaonyesha kwamba, kwa kuwa abiria walikuwa na usafiri mwingine wa kukimbilia, wangehama wengi kiasi cha kuyashusha mapato badala ya kuyapandisha. Nauli ikaachwa ilivyo. Laiti mzee yule angekuwapo kikaoni!

Hata hivyo, nijipinge mwenyewe. Ipo milango inayodai karatasi: idara za utafiti za benki kuu na za mashirika ya fedha ya kimataifa mara nyingi hutaka uzamili au uzamivu, na kufundisha chuo kikuu vivyo hivyo. Lakini Keynes mwenyewe, mchumi mashuhuri wa Uingereza, alikuwa na shahada ya hisabati, na mwaka 1906 alianza kazi katika ofisi ya serikali ya Uingereza iliyosimamia India. Wenzako wengi wataingia bima, mabenki, uchambuzi wa data au mipango ya serikali, na huko ekonometriki, ile elimu ya kuyapima mambo ya uchumi kwa takwimu uliyokuwa ukiilalamikia kila likizo, ndiyo itakayowatafutia nafasi, mradi wawe na uwezo wa kuyaeleza matokeo yake kwa mtu asiyeijua.

Kuhusu uzamili, mama yako amenisihi nisikuamulie, nami nimekubali shingo upande. Ila kabla hujajaza fomu, niandikie ni kazi gani hasa unayoitaka ambayo shahada uliyonayo haikufikishi. Ukishindwa kuitaja, basi mimi ningesema... Hapana, nimeahidi.

Baba yako