Barabara za Mtwara na Lindi: utupu wake ndio unaotuponza

Mkuu uliyeanzisha uzi, umesema umehamishiwa kazi Mtwara, una gari dogo, utakuwa unakwenda Masasi na Newala mara kwa mara na Dar kila likizo, na unauliza ajali za huku zinasababishwa na nini hasa. Wengi wamekujibu "mwendokasi" wakaishia hapo. Hawajakosea, ila jibu hilo halikusaidii ukiwa nyuma ya usukani. Nimeendesha fuso la mizigo upande huu miaka mingi, korosho za Tandahimba msimu ukifika na saruji ya kupeleka Tunduru msimu ukiisha, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Elewa kwanza kwamba huku si Morogoro Road yenye magari mengi. Ukishapita Mikindani ukafika Mnazi Mmoja, ukashika njia ya Masasi au ya Lindi, kuna vipande utakwenda muda mrefu hujapishana na gari. Lami imenyooka, pori huku na huku. Mguu unazama wenyewe kwenye mafuta, macho yanalegea, na moyoni umeshajiridhisha kwamba mbele hakuna kitu. Halafu kitu kinakuwepo: baiskeli ina magunia ya mkaa na haina hata rifleta, mbuzi wanavuka, au lori bovu limeegeshwa nusu ndani ya lami. Ajali mbaya nyingi nilizozikuta huku zilitokea barabara ikiwa nyeupe, haina magari. Foleni haiui hivyo.

Hilo la lori bovu ndilo ninalolihofia kuliko yote. Jioni moja tulikwama kati ya Nyangao na Ndanda, ekseli ya nyuma imegoma. Tukaweka pembetatu zetu za tahadhari, zile zinazoakisi mwanga, nyuma na mbele, mbali kabisa na gari, na tandiboi wangu, yaani msaidizi wa gari, akakata matawi akayapanga barabarani kama desturi ilivyo. Giza lilipoingia nikasimama pembeni kuangalia magari yanavyotufikia. Pembetatu iliwaka mara tu taa za gari zilipoigusa, na dereva akapunguza mapema. Matawi hayakuonekana kabisa. Jani bichi usiku lina rangi ileile ya pori lililo nyuma yake, na gari lilikuwa limeshafika juu yake ndipo unasikia breki. Tangu siku ile siyaamini matawi. Nunua pembetatu mbili na fulana ya kuakisi, ziweke mahali unapozifikia bila kushusha mizigo. Na ukimaliza kutengeneza, toa mawe uliyozuilia matairi. Wapo wanaoondoka wakayaacha katikati ya lami, na anayekuja kuyavaa usiku ni bodaboda.

Sasa chukua hesabu hii. Gari likiwa kilometa 100 kwa saa linakula karibu mita 28 kila sekunde. Mpaka uone, ushtuke, ukanyage na gari lisimame, umetumia kama mita 100, na hapo lami ni kavu na breki ni nzima. Taa ndogo, yaani zilizoinamishwa, zinakuonyesha vizuri mita 50 hivi. Kwa hiyo ukipishana na mtu usiku, mmepunguziana taa, na bado uko 100, unaendesha ndani ya sehemu usiyoiona. Ukiwa 60 unasimama ndani ya mita 45 au 50. Ndiyo maana mimi usiku sivuki 60 nikiwa na taa ndogo, hata wanaonifuata wapige honi mpaka wachoke. Na kama safari inaweza kusubiri asubuhi, isubiri. Saa ya kutisha zaidi ni magharibi, pale jua linapozama: wakulima wanarudi kutoka shamba, mifugo inavuka, wenye magari wengine hawajawasha taa.

Kuovateki. Lori la trela liko kilometa 60, wewe uko 80. Ili ulipite na urudi kushoto bila kulibana unahitaji sekunde 11 hivi, na ndani ya hizo umetembea mita 240. Anayekuja mbele akiwa 100 ametembea mita 300. Maana yake unahitaji zaidi ya nusu kilometa iliyo wazi, unayoiona kwa macho yako. Usikubali indiketa ya dereva wa lori ikuamulie. Huku akiwasha ya kushoto tunaelewa "pita", ya kulia "subiri", lakini ya kushoto huenda anataka kusimama, na kama amekosea hesabu, anayegongwa ni wewe. Kilimani, kwenye kona na penye mstari mzima usiokatika, kaa nyuma yake. Kaa mbali kidogo, maana ukimganda hata mbele huoni.

Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada inapoanza, badilisha kabisa uendeshaji wako. Malori yanaongezeka kuelekea ghalani na bandarini, madereva wengine ni deiwaka, vibarua wa siku wanaolipwa kwa tripu na hawalali. Pesa za wakulima zikiingia, pikipiki mpya zinaingia barabarani kwa wingi, na wengi wa wanaoziendesha bado wanajifunza. Utakuta mishikaki, watu watatu hadi wanne, kofia ngumu hamna hata moja, na anayeendesha anakata kwenda kulia bila kuangalia nyuma. Vijana hawa ni wadogo zetu na watoto wetu, kwa hiyo tusiwatukane tu. Ukimkaribia mmoja mpigie honi fupi ukiwa bado mbali, mwachie nafasi ya gari zima, na wewe ukipanda bodaboda dai kofia ya abiria. Msimu wa jando na unyago nao una yake: usiku makundi ya watu wanatembea pembeni ya lami wakitoka ngomani. Kwenye kibao cha 50 ingia na 50 kweli, mpaka nyumba ya mwisho ya kijiji.

Usingizi. Kahawa na muziki havikufikishi Dar. Ukijikuta hukumbuki kijiji ulichopita, umeshaanza kusinzia, tafuta mahali salama nje ya barabara ulale dakika 20. Nangurukuru na Somanga ni vituo vyema vya kunyoosha miguu, usivipite kwa ubishi. Mvua kubwa zikinyesha ulizia njia kabla hujatoka. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika upande wa Kilwa. Maji yakipita juu ya lami usiyajaribu, hujui kama chini yake lami bado ipo.

Matairi sitayasema sana. Angalia tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri, yaani michoro ya kushika lami, na mpira umeshazeeka. Pima upepo asubuhi likiwa la baridi, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa linachemka mpaka linapasuka.

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, kwa hiyo kurudi Masasi ni kushuka. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, acha injini ishike gari, na breki ikanyage kwa vipindi. Wanaoshuka huku wamekanyaga breki mfululizo wanazichemsha, na kona ya chini wanaikuta pedali imelegea. Kama gari lako ni la otomatiki, kile kialama cha L au 2 kwenye gia kimewekwa kwa kazi hiyo hiyo. Ukinusa harufu ya kuungua, simama sehemu tambarare, ziache breki zipoe zenyewe, na usizimwagie maji.