Maswali ya Wasomaji: Anayejitolea Akiumia, Nani Anabeba Gharama?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mratibu wa asasi ndogo mkoani Morogoro yenye waajiriwa wachache na kundi la vijana wanaojitolea. Vijana hao huwafundisha watoto masomo ya ziada siku za Jumamosi, na katikati ya wiki huwatembelea wagonjwa na wazee majumbani, mara nyingi kwa pikipiki zao wenyewe. Msimu wa mvua uliopita mmoja wao aliteleza njiani akienda kwa mgonjwa, akavunjika mguu. Familia yake ilitaka tulipie matibabu. Tulichanga tulichoweza, lakini maneno hayajaisha. Sasa bodi imeamua kwamba kila anayejitolea atie saini fomu isemayo kuwa asasi haihusiki na madhara yoyote yatakayompata. Fomu yenyewe mjumbe mmoja aliitoa kwenye intaneti. Je, inatosha?
Mratibu, Morogoro

JIBU: Haitoshi, ndugu Mratibu. Fomu nyingi za namna hiyo zimeandikwa kwa sheria za Marekani au Uingereza, na kuzinakili bila kumwonyesha wakili ni kujipa matumaini yasiyo na msingi. Kijana aliye chini ya umri wa miaka 18 hana uwezo wa kuingia mkataba kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, hivyo saini yake haina nguvu mnayoifikiria. Hata kwa mtu mzima, fomu hiyo kwa vyovyote vile inamhusu aliyeitia saini peke yake. Mgonjwa aliyeangushwa wakati akisaidiwa kuinuka kitandani, mtoto aliyeumizwa darasani, au mpita njia aliyegongwa na pikipiki ya kijana wenu hawakutia saini popote, na hao wana haki ya kuuliza ni nani aliyemtuma kijana huyo.

Wazo la bodi linawatazama vijana kama chanzo cha hatari, ilhali hatari kubwa imo katika kazi mnazowapa. Kabla ya kuuliza nani atalipa, ulizeni nani aliamua kwamba ziara ile ifanyike siku ile ya mvua, kwa pikipiki, na kijana akiwa peke yake. Nadhani hakuna aliyeamua. Kijana aliona kwamba asipokwenda atalaumiwa, akaenda. Hapo ndipo pa kuanzia kurekebisha, na marekebisho yake hayana gharama: toeni kauli ya maandishi kwamba anayejitolea anaweza kuahirisha ziara kwa sababu ya mvua, giza au mashaka yoyote, kwa kumpigia simu mratibu tu, na hataulizwa mara mbili.

Kisha kaeni na vijana wenyewe mwandike daftari la vihatarishi. Nasema vijana wenyewe kwa makusudi, kwa kuwa wao ndio wanaojua kijia kipi huteleza, nyumba ipi ina mbwa mkali, na mgonjwa yupi anaishi na ndugu mlevi anayetukana wageni. Wajumbe wa bodi hawayajui hayo. Orodhesheni kazi moja baada ya nyingine, na kwa kila kazi mwandike ni nani anaweza kudhurika, kwa njia gani, na mtafanya nini. Nimeona madaftari ya mashirika makubwa yenye kurasa nyingi za majedwali yenye rangi, ambayo hufunguliwa siku mkaguzi anapokuja tu. Asasi ya ukubwa wenu inahitaji ukurasa mmoja au miwili, usomwe kwa sauti kila baada ya miezi mitatu, na urekebishwe papo hapo kila tukio linapotokea, hata lile ambalo halikumjeruhi mtu.

Mkifika kwenye safu ya hatua za kuchukua, msisahau kwamba kuiacha kazi nayo ni hatua halali. Wahisani hawapendi kuisikia, na vijana wenye ari hawaipendi pia, lakini kuna kazi ambazo mtu wa kujitolea asiye na mafunzo hapaswi kuzifanya hata akiwa na moyo mkubwa kiasi gani. Kufunga vidonda, kuchoma sindano na kukusanya sindano zilizotumika ni kazi za wahudumu wa afya. Endapo kijana atachomwa na sindano kwa bahati mbaya, afikishwe kituo cha afya mara moja ili atathminiwe kama anahitaji dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, ambazo hazina budi kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Kila anayekwenda majumbani alijue hilo kabla ya ziara yake ya kwanza.

Kuhusu pikipiki, kagueni leseni na bima kwa macho yenu badala ya kuridhika na neno la mwenye chombo. Watu wengi wana ile tunayoiita bima ndogo, ambayo hulipa madhara yaliyowapata watu wengine lakini haimlipi dereva mwenyewe wala haitengenezi chombo chake. Zaidi ya hayo, kampuni ya bima inaweza kuhoji madai ikibaini kwamba pikipiki iliyokatiwa bima kwa matumizi binafsi ilikuwa katika shughuli za asasi. Pale ambapo daladala inafika, ni nafuu kulipa nauli kuliko kuchangia mafuta.

Sasa matibabu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, unawahudumia wafanyakazi. Kijana anayejitolea bila mkataba wa ajira asiutegemee. Njia iliyopo ni bima ya ajali ya kikundi, ambayo kampuni yenye leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima inaweza kuwakatia vijana wote kwa mkataba mmoja. Ulizeni kwa maandishi mambo matatu: kama wanaojitolea, wasio waajiriwa, wanakubalika, kama safari za pikipiki zimo, na kama malipo yanahusu matibabu au kifo na ulemavu wa kudumu peke yake, maana hapo ndipo wengi huja kushtuka baadaye. Gharama hiyo iwekeni katika bajeti ya kila andiko la mradi, kama mnavyoweka kodi ya ofisi. Mhisani anayefurahia kazi za kujitolea lakini anakataa kulipia bima ya wanaojitolea anastahili kuulizwa waziwazi kwa nini.

Hapa naongeza jambo ambalo hukuliuliza. Asasi nyingi huwalipa vijana posho ya kila mwezi na kuendelea kuwaita wanaojitolea. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinataja vigezo ambavyo kimojawapo kikiwepo, mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, na miongoni mwake ni kudhibitiwa namna ya kufanya kazi na saa za kazi, kupewa vitendea kazi, na kufanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kijana anayekuja ofisini kila siku, akapangiwa zamu na kupokea kiasi kilekile mwisho wa mwezi, anaweza kusimama mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na kudai haki za mwajiriwa, na sioni mtakalomjibu. Rudisheni nauli na gharama halisi kwa stakabadhi, wekeni ukomo wa saa, na mnayemhitaji kila siku mwajirini.

Badala ya fomu ile, andikeni makubaliano ya kujitolea ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili kinachoeleweka: kazi yake ni ipi na ipi si yake, hatari zilizopo, asasi itagharimia nini na haitagharimia nini, na ampigie nani simu likitokea jambo. Saini ya namna hiyo ina maana, kwa sababu mtu anatia saini kitu alichokielewa. Na kwa kijana aliyevunjika mguu, ningewashauri viongozi wa bodi waende wenyewe kwa familia, pamoja na mzee anayeheshimiwa na pande zote, wakubaliane kiasi na muda, wayaandike na kushuhudiwa. Wakikutuma wewe peke yako, familia itaona kwamba wakubwa wamejificha.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Mombasa, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafunza watoto kusoma katika kituo kimoja bila malipo. Uongozi mpya sasa wanitaka nilete Cheti cha Maadili Mema kutoka Idara ya Upelelezi, majina ya watu wawili wanaonijua, na wamenikataza kubaki chumbani na mtoto mmoja au kumpeleka mtoto kwao kwa gari langu. Nahisi nimetuhumiwa kabla ya kukosa. Niendelee?
Mwalimu, Mombasa

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Endelea, na uwe wa kwanza kuwasilisha hati zako, kwa sababu walimu wadogo watakutazama wewe kabla ya kuamua kama sheria hizi ni za kweli.

Uchungu wako naufahamu, lakini sheria isiyomgusa mtu anayeaminika haina kazi, kwa kuwa anayewadhuru watoto hujitahidi kwanza awe anayeaminika. Chama cha maskauti cha Marekani, Boy Scouts of America, ambacho sasa kinaitwa Scouting America, kwa miongo mingi kilitunza mafaili ya siri ya watu waliozuiwa kujitolea, wengi wao kwa tuhuma za kuwanajisi watoto, na mara nyingi polisi na wazazi hawakuambiwa. Mwaka 2012 mafaili zaidi ya 1,200 yaliwekwa hadharani kwa amri ya mahakama katika jimbo la Oregon. Mwaka 2020 chama kiliomba kinga ya kufilisika, na zaidi ya watu 80,000 wakawasilisha madai. Wengi wa waliotajwa katika mafaili hayo walikuwa watu wa heshima katika miji yao.

Kati ya masharti uliyopewa, nakuambia kwa uwazi kwamba cheti ndicho dhaifu kuliko yote. Kinaonyesha kwamba mtu hana rekodi ya jinai, na asiyewahi kukamatwa hukipata bila shida. Sharti la kutobaki peke yako na mtoto ndilo lenye nguvu, maana linamzuia mwenye nia mbaya hata kama hajawahi kujulikana, na wakati huohuo linakulinda wewe siku mtoto au mzazi atakapokusingizia. Fundisha mlango ukiwa wazi au mahali mnapoonekana. Mtoto akikosa usafiri, mzazi apigiwe simu, na awepo mtu mzima wa pili.

Nawe una haki ya kuwauliza maswali. Je, masharti haya yanawahusu pia mkurugenzi na wageni kutoka ng'ambo wanaokuja kwa wiki mbili na kamera zao? Nani anapokea malalamiko ya mtoto, na mtoto anamjua? Namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto, ambayo hupigwa bure, imebandikwa ukutani? Kituo kinachodai cheti chako lakini hakina majibu ya maswali hayo kinajilinda chenyewe kabla ya kuwalinda watoto.

SWALI: Wanaojitolea katika kituo chetu hupiga picha za watoto na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa zao, wakisema wanatutangaza. Tuwazuie?
Msimamizi, Dodoma

JIBU: Ndiyo, wazuieni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na ruhusa ya mzazi au mlezi haipatikani kwa sababu tu mtoto ametabasamu mbele ya simu. Elekezeni kwamba picha zipigwe na mtu mmoja mliyemteua, kwa simu ya kituo, na zisitoke bila ruhusa ya maandishi inayotaja zitatumika wapi. Jina kamili la mtoto, shule yake na ugonjwa wake visiambatanishwe kamwe. Zile zilizokwisha kutumwa, mwagizeni kila aliyezituma azifute kwenye ukurasa wake, na kwenye kundi pia pale ambapo muda wa kuzifuta kwa wote haujapita, na msimamizi wa kundi afute zile ambazo wenyewe hawapatikani na ambazo bado zinafutika.