Meza ya sentimita 75, binti wa kidato cha kwanza: kiti kiwe na kimo gani?

SWALI: Fundi, shikamoo. Binti yangu yuko kidato cha kwanza na anasomea meza ya chakula yenye kimo cha sentimita 75. Kiti anachokalia kina sentimita 46, visigino havifiki sakafuni, na kila jioni analalamika mgongo na mabega. Nina mbao za mninga, randa, patasi na msumeno. Nimtengenezee kiti cha sentimita 39 ili akanyage chini?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Sentimita 39 zitaitibu miguu na kuyaumiza mabega zaidi. Mpime kwanza akiwa amekaa wima, amevaa viatu, mikono ameilegeza ubavuni. Chukua vipimo viwili: kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, na kutoka kwenye kikalio hadi chini ya kiwiko. Tuseme umepata 39 na 21. Uso wa meza unatakiwa uzidi kiwiko kwa sentimita mbili hivi. Kwa kiti cha 39, meza yake ingekuwa 62. Yako ni 75, kwa hiyo ataandika mabega yakiwa yamepanda hadi masikioni.

Kama meza haikatwi kwa sababu nyumba nzima inailia, pandisha kiti. 75 toa 23, yaani 21 za kiwiko na zile mbili za juu yake, unapata 52. Kisha mpe kibao cha kukanyagia chenye kimo cha sentimita 13, kipana kiasi cha kutosha nyayo zote mbili na nafasi ya kuzisogeza. Akirefuka, utapunguza miguu ya kiti na ya kibao kidogo kidogo. Mnorwe Peter Opsvik alitumia wazo hilohilo mwaka 1972 alipobuni kiti cha Tripp Trapp, ambacho kikalio chake na kibao cha miguu vyote huhamishika mtoto anapokua.

Kina cha kikalio: pima kutoka matakoni hadi nyuma ya goti, toa sentimita tano. Kikizidi hapo, ukingo utamkata nyuma ya magoti naye atasogea mbele, aliache egemeo. Ukingo huo wa mbele uuviringishe kwa randa na msasa mpaka kiganja kipite bila kuhisi kona. Nyuma ya kikalio ishuke sentimita moja tu, kwa kuwa anayeandika huinama mbele. Egemeo lilale kidogo, pembe ya digrii 100 hivi kutoka kwenye kikalio, na ubao wake uguse kiuno. Chini yake acha uwazi wa sentimita 12 au zaidi, matako yapate pa kuingia.

Sasa viungo, na hapa ndipo nakuomba usiharakishe. Niliwahi kuletewa kiti kilicholegea baada ya miezi michache. Nilivuta mbao ya pembeni, ulimi, yaani ncha ya mbao iliyochongwa iingie kwenye tundu la mguu, ukatoka kwa mkono mtupu, gundi ikiwa imebaki kama ganda la kitunguu. Mbao ilikuwa mbichi, ikasinyaa ndani ya kiungo. Mninga hausinyai sana, lakini ukiwa mbichi hauna msamaha. Pima kipande kwenye mizani kila baada ya siku chache, na usianze kazi mpaka uzito uache kushuka.

Miguu iwe na unene wa sentimita 4.5. Mbao za kubeba kikalio ziwe na upana wa sentimita 7 na unene wa 2.5, ulimi unene wa sentimita 1 uzame 3. Misumari peke yake isikudanganye: mtoto akijiegemeza nyuma, nguvu yote huishia pale mbao ya pembeni inapokutana na mguu wa nyuma. Mguu huo uchonge kutoka kwenye ubao mpana, sehemu ya chini ielekee nyuma kidogo kiti kisipinduke, na uchague ubao ambao nyuzi zake zinafuata mkunjo. Nyuzi zikikatwa hapo, mguu utavunjika hapohapo.

Kabla ya gundi, kiunge kikavu, umkalishe, aandike ukurasa mzima wewe ukiwa umesimama nyuma yake. Mabega yakipanda, kiti ni kifupi. Kwa hiyo miguu iache na sentimita mbili za ziada mpaka siku hiyo.