Weusi wa kijazo peke yake si sababu ya kukitoa

Dada uliyeuliza kama weusi wa kijazo cha amalgamu kilichoziba tundu la jino lako, na ladha ya chuma unayoionja tangu uvishwe jino la dhahabu, ni dalili za sumu: mimi ni sonara hapa Lamu, na nina vijazo vya aina hiyo tangu ujanani.

Karibu nusu ya uzito wa amalgamu ni zebaki, na iliyobaki ni hasa fedha, bati na shaba. Fedha ikikutana na salfa ya chakula na mate hujivika utando mweusi, sawa na bangili ninazoletewa kusafisha, na utando huo haudhoofishi kijazo. Kinacholika hasa ni bati. Katika amalgamu za zamani zenye shaba chache, bati lililoshikamana na zebaki ndilo lililokuwa sehemu dhaifu kuliko zote, na ndiyo maana zile zenye shaba nyingi, zilizobuniwa miaka ya 1960, hulika polepole zaidi. Cha ajabu, mabaki ya kulika huko husaidia kuziba ufa mwembamba ulio kati ya kijazo na jino.

Ladha ya chuma ina asili nyingine. Dhahabu ikigusana na amalgamu ndani ya mate, mkondo mdogo wa umeme hupita, na inayolika ni amalgamu. Jino langu la dhahabu la juu lilikuwa likigonga kijazo cha chini, na kila nilipofunga kinywa nilihisi kama nimechomwa sindano, kisha ladha ya shaba ikabaki ulimini. Daktari alikibadilisha kijazo hicho kimoja kwa rezini nyeupe (aina ya plastiki ngumu), ladha ikakoma. Vingine aliviacha kwa kuwa kingo zake zilikuwa nzima.

Mvuke wa zebaki nao hutoka kidogo kidogo, na huongezeka mtu akitafuna sana (wenzetu wa miraa na gamu wanisikie) au akisaga meno usingizini. Hata hivyo, kukichimba kijazo kizima hutoa mvuke mwingi zaidi kwa mara moja, kwa hiyo sikushauri uking'ang'anie kukitoa, hasa kama una mimba. Vijazo vipya ni suala jingine: mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana kuwa amalgamu isitumiwe kwa watoto walio chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa daktari akiona ni lazima.

Mwombe daktari akague kingo za kijazo chako, kisha aangalie kama kinagusana na dhahabu hiyo unapouma.