Re: Upinde umepasuka kwenye kishikio, unatengenezeka?

Unatengenezeka mkuu, ila kwanza toa ugwe (kamba ya upinde) na usiuvute tena kwa sasa, halafu angalia ufa umekaaje. Kama unafuata nyuzi za mti kwa urefu hiyo kazi ndogo, dondoshea supaglu ile nyepesi mpaka ufa ushibe, ukiwa umeachama tumia epoksi (gundi ya sehemu mbili unazochanganya), bana na klampu uache masaa 24 kisha zungushia uzi imara uliolowa gundi, ubanane kabisa. Ila ufa ukikata nyuzi kwa upande, hasa upande ule unaotazama shabaha, aisee huo usiupige tena, utakukatikia mkononi na vipande vinaruka mpaka usoni. Ule uliotia gundi, ukishakauka rudisha ugwe, vuta kidogo kidogo huku unasikiliza, ukilia tu acha hapohapo.