Gemu ya Mkononi Inajua Nini Kuhusu Mtoto Wako?

SWALI: Binti yangu ana miaka 10 na anatumia Nintendo Switch, kifaa cha kuchezea gemu. Wakati wa kumfungulia akaunti niliweka tarehe yangu ya kuzaliwa ili tumalize haraka. Kuna ubaya? Na kifaa chenyewe kinakusanya nini?

JIBU: Ubaya upo, mama, tena anza na huo. Kwa tarehe hiyo binti yako anahesabiwa mtu mzima, hivyo ulinzi wa akaunti za watoto haumgusi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inazitaka kampuni zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13, lakini kampuni inaujua umri uliouandika wewe. Ingia kwenye akaunti yako, fungua kundi la familia, kisha umwongeze mtoto kwa tarehe yake halisi. Mweleze mapema kwamba hatua alizofikia kwenye gemu zimefungwa kwa mtumiaji wa zamani. Hazitamfuata zenyewe kwa mtumiaji mpya.

Kinachokusanywa ni jina, barua pepe, nchi, ununuzi, anwani ya intaneti, gemu zinazochezwa na saa zilizotumika. Hizo saa ndizo wazazi wengi hawazifikirii, nazo marafiki wa kwenye mtandao wanaweza kuziona. Mgeni akijua mtoto hucheza kila siku baada ya shule, ameshajua yupo mtandaoni lini. Kwenye skrini ya mwanzo ya kifaa, bonyeza picha ya mtumiaji juu kushoto, shuka hadi mipangilio ya mtumiaji, ingia mipangilio ya shughuli za michezo, chagua zisionyeshwe kwa yeyote. Hapo hapo pana sehemu ya kufuta zilizokwisha kurekodiwa. Kisha fungua duka la gemu, bonyeza picha yake juu kulia, shuka kwenye taarifa za akaunti hadi uone Google Analytics, yaani huduma ya Google ya kufuatilia matumizi, ukatae kushiriki.

SWALI: Je, inatusikiliza?

JIBU: Switch ya mwaka 2017 haina maikrofoni ya ndani. Switch 2, iliyotoka Juni 2025, inayo, na kitufe cha C hufungua mazungumzo ya sauti. Kamera hununuliwa kando. Aliye chini ya miaka 16 hawezi kuzungumza humo mpaka mzazi aruhusu kupitia programu ya udhibiti kwenye simu. Usimruhusu kwa jumla: mkubalie rafiki mmoja mmoja, wale unaowajua kwa sura.

SWALI: Nataka kuuza Switch yangu. Kufuta gemu kunatosha?

JIBU: Hakutoshi. Ukifuta gemu, akaunti inabaki, na kama umehifadhi kadi ya benki dukani, mnunuzi anaweza kuitumia. Ondoa kwanza kadi hiyo ya benki. Kisha, kifaa kikiwa kimeunganishwa na intaneti, ingia mipangilio ya mfumo, shuka hadi mfumo, chagua kurudisha kifaa kama kilivyotoka kiwandani. Ukifanya hivyo bila intaneti, kifaa kinaweza kubaki kimesajiliwa kwa jina lako. Kadi ya kumbukumbu ya microSD haifutwi kwa hatua hiyo, na picha na video ulizonasa kwenye skrini huwa humo, wakati mwingine zikiwa na majina ya wenzako. Itoe, ubaki nayo.