Shoo Ikiisha, Usilale Kabla Hujaandika

Simu yangu ilinyakuliwa dirishani mwa matatu kwenye Barabara ya Tom Mboya, mwendo wa saa saba usiku, muda mfupi tu baada ya shoo kwisha. Kijana alikuwa mwepesi kuliko jicho. Ndani ya simu hiyo mlikuwa na video 11 za bendi ya roki niliyoingoja mwaka mzima. Nilipofika nyumbani Umoja nilikaa kitandani nikajaribu kukumbuka wimbo wa tatu, nikashindwa. Wimbo huo wote nilikuwa nimeutazama kwenye kioo cha simu, mkono juu, nikihangaika kichwa cha mtu wa mbele kisiingie kwenye picha.

Tangu usiku huo nimebadilisha ninavyokwenda kwenye shoo na ninavyorudi.

Jumamosi iliyofuata tulikutana wanne Kenyatta Market, tukaagiza nyama choma kilo moja na nusu, nikawaomba wenzangu wanisimulie shoo ambayo hata mimi nilikuwepo. Mwanzoni majibu yalikuwa yale tuliyoyazoea: ilibamba, ilikuwa moto, jamaa walituua. Maneno matamu, lakini huwezi kuyarudia mwakani ukaona kitu. Ndipo nikamuuliza binamu yangu, "Wewe ulikuwa umesimama wapi?" Mambo yakafunguka. Alikuwa mbele kabisa, upande wa mpiga besi, ameegemea spika. Aliona uzi wa gitaa ukikatika kwenye wimbo wa pili, mpiga gitaa akapiga goti kuubadilisha, huku besi na ngoma zikizunguka palepale zikimngoja. Mimi niliyekuwa nyuma nilidhani wimbo umetungwa hivyo.

Halafu tukafika kwenye habari ya stima.

Stima ilipopotea mimi nilikuwa nje, nanunua maji. Nilisikia gitaa likikatika katikati ya sauti, kama mtu aliyezibwa mdomo. Ngoma hazikukoma, ila zilisikika kavu na za mbali, kama jirani anatwanga nyumba ya tatu. Kisha zikapanda sauti za watu, kiitikio kizima, hadi mlinzi wa mlangoni akageuka kutazama. Rafiki yangu anayepiga picha alikuwa ndani. Anasema mwimbaji aliweka maikrofoni chini, akaketi ukingoni mwa jukwaa, akawa anaongoza kwa mkono kama mwalimu wa kwaya, na tochi za simu zikawashwa ukumbi mzima. Dada tuliyekuja naye hakuona tochi wala mkono. Alikuwa amefumba macho akiimba, na anachokumbuka ni bega la mtu asiyemjua lililokuwa likitetemeka kando yake. Mtu huyo alikuwa analia.

Hakuna kati ya hayo lililokuwa kwenye video zangu.

Kwa hivyo kutaneni. Ndani ya wiki moja, kabla kazi na foleni za Thika Road hazijayafuta. Msiwe wengi, wanne au watano wanatosha, na kila mmoja apewe nafasi amalize. Swali la "ulionaje?" halileti kitu. Uliza mtu alisimama wapi, alikuwa na nani, ni wimbo gani aliukosa akiwa msalani, aliondoka na kiu au na njaa. Na mtu akikosea mpangilio wa nyimbo, mwache. Mimi zamani nilikuwa mwepesi wa kusahihisha, na nimeona mara nyingi mtu akisahihishwa mara mbili hunyamaza, na alichokuwa karibu kukisema kinarudi naye nyumbani.

Lakini kikao cha marafiki hakitoshi bila maandishi. Mama yangu alikuwa na kibanda cha mboga, na chini ya mizani palikaa daftari la madeni lililofungwa kwa mpira. Aliposema mali bila daftari hupotea bila habari, alikuwa anazungumzia sukuma wiki na nyanya. Mimi nimeuchukua msemo huo nikaupeleka kwenye roki. Nina daftari la kurasa 96, na siku ya shoo silali kabla sijaandika walau mistari 6. Sipambi. Ukurasa mmoja unasema: "Nguzo ya kushoto. Harufu ya mvua na sigara. Wimbo wa nne umeanza polepole kuliko kwenye rekodi. Mpiga ngoma kavaa jezi ya Gor Mahia. Tumetembea hadi mzunguko." Nikiusoma leo, nguo zangu zinalowa tena.

Sikwambii uache simu nyumbani. Rekodi wimbo mmoja, ule unaoupenda kuliko yote, kisha irudi mfukoni (mfuko wa ndani, tafadhali). Maikrofoni ya simu ni ndogo, imetengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Ikipigwa na spika za ukumbi inazidiwa, vilele vya sauti vinakatwa, na besi iliyokutikisa kifua inabaki kama mtu anagonga debe. Karatasi hudumu zaidi. Bendi nyingi hubandika sakafuni, karibu na miguu yao, karatasi yenye orodha ya nyimbo za usiku huo. Shoo ikiisha, vyombo vikifungwa, nenda uombe kwa adabu. Bendi zetu za hapa Nairobi bado ziko karibu na watu, na mimi sijanyimwa hata mara moja. Ninazo 5, moja ina alama ya kiatu.

Kuhusu masikio nitasema kwa ukali kidogo, maana nililipia. Nilisimama mbele ya spika shoo nzima, nikarudi na mlio masikioni uliokaa siku tatu. Nilikuwa nasikia mbu asiyekuwepo. Wataalamu wa usalama kazini huhesabu hivi: sauti ya desibeli 85 unaweza kuivumilia saa 8 kwa siku, na kila inapopanda kwa desibeli 3, muda huo unagawanywa kwa mbili. Ikifika 100, ambazo shoo ya roki huzifikia bila taabu, una dakika 15 tu. Nunua vizibo vya masikio vya sponji kwenye duka la dawa. Bei yake haikaribii ya tiketi, na muziki bado utausikia.

Kuna wanaoniambia hawana cha kusimulia kwa sababu bendi wanazozipenda hazijawahi kukanyaga Kenya. Sikubaliani nao hata kidogo. Wengi wetu tuliingia kwenye roki kwa redio ya X FM ilipokuwa ikicheza kwenye 105.5, na kwa nyimbo zilizonakiliwa saiba. Siku Chester Bennington wa Linkin Park alipofariki, tarehe 20 Julai 2017, hakuna kati yetu aliyewahi kumwona jukwaani, lakini kila mmoja alikuwa na kitanda cha bwenini, au safari ya Nakuru, au mapenzi yaliyovunjika, vilivyoshikana na sauti yake. Andika hayo. Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Unguja mwaka 1946, na mara ya kwanza niliposikia "Bismillah" katikati ya wimbo wao wa 1975, "Bohemian Rhapsody", nilirudisha kanda nyuma nikidhani nimesikia vibaya. Nilikuwa jikoni kwa shangazi, Eastleigh, mchele umeungua. Hiyo ni kumbukumbu kamili na haina tiketi.

Nyimbo zingine hushikana na mahali, na hizo ndizo ninazozithamini zaidi. Crystal Axis, bendi ya panki ya hapa Nairobi, wana wimbo unaoitwa "Nyayo House". Kila mtu anaijua Nyayo House, pale pembeni mwa Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, tunapofuatia pasipoti. Wimbo unazungumzia vyumba vya chini ambamo watu waliteswa enzi za Moi. Nilikuwa nimepanga foleni ndani ya jengo lile mara mbili bila kuwaza kitu. Baada ya kuusikia, nikipita na matatu macho yangu yanashuka yenyewe, kutoka ghorofani hadi usawa wa lami. Niliandika tarehe, nambari ya matatu, na kwamba mvua ilikuwa imeanza.

Kuhusu shoo yetu ya giza, bado hatujakubaliana wimbo uliochezwa stima iliporudi. Binamu yangu anaapa ulikuwa mpya, haujawahi kurekodiwa. Mpiga picha anasema walirudia uleule uliokatika, kuanzia pale ulipokatikia. Mimi nilikuwa bado mlangoni, naonyesha mlinzi muhuri mkononi ili aniruhusu kuingia. Katika daftari nimeacha mistari miwili mitupu.